Pickup ya mizigo: grisi iweke wapi, na wapi haisaidii

Tunaongea sana kuhusu picha nzuri za bidhaa. Leo tuongee kuhusu gari linalotoa mzigo Kariakoo na kuufikisha kwa mteja. Mimi nasambaza mizigo ya wauzaji wa mtandaoni kwa Hilux ya zamani. Mzigo ukichelewa mteja hataki stori za boljointi, anataka mzigo wake au hela yake.

Barabara zetu zinakula gari kwa chini. Kuna matuta, kuna mashimo ya mitaani, na kwenye foleni ya Msimbazi unakata usukani kila hatua. Ikifika masika, Machi mpaka Mei, maji yanajaa Jangwani. Maji na tope vikiingia kwenye jointi, grisi inatoka na chuma kinaanza kusaga chuma.

Shika hili moja: grisi inasaidia pale chuma kinapocheza ndani ya chuma na kuna njia ya kuiingiza. Kwingine unapoteza hela, au unaharibu kabisa.

1. TAFUTA CHUCHU ZA GRISI. Ni vidude vidogo vya chuma vyenye tundu nchani. Angalia boljointi, tairodi, na pini za springi za nyuma. Mwambie fundi akuonyeshe zote, uzihesabu na kuziandika. Ukijua gari lako lina ngapi, hakuna atakayeruka hata moja.

2. FUTA KWANZA. Chuchu yenye mchanga inasukuma mchanga ndani ya jointi. Kitambaa kikavu kinatosha. Ikiwa imeziba, ibadilishwe, ni kitu kidogo tu.

3. PIGA POLEPOLE. Grisi ya kawaida ya magari yenye lithiamu, namba 2, inafaa sehemu hizi. Kwenye pini za springi, piga mpaka grisi chafu itoke na safi ianze kuonekana. Kwenye boljointi, acha mara mpira wake unapoanza kuvimba. Ukiupasua, umefungulia maji mlango. Futa grisi iliyozidi, maana inashika vumbi.

4. USIPAKE OILI KWENYE BUSHI ZA MPIRA. Oili chafu inanyamazisha kelele siku chache, lakini inalainisha mpira mpaka unaoza. Ukiimwagia springi nazo, inaweza kurukia breki.

5. JOINTI ISIYO NA CHUCHU. Pickup nyingi za kisasa jointi zake zimefungwa kiwandani. Mpira ukipasuka na jointi ikalegea, grisi haiiponyi. Nunua nyingine. Ukibadilisha tairodi, pima na alaimenti, la sivyo tairi zitaisha upande mmoja.

6. SIKILIZA. Usukani mzito usiorudi wenyewe baada ya kona, au kelele ya kwi-kwi kwenye tuta, mara nyingi ni ukavu. Mgongo wa ngo-ngo au usukani unaocheza ni ulegevu. Hapo simamisha safari. Boljointi ikichomoka tairi linalala na gari halishikiki tena, na barabarani kuna watu.

Ratiba yangu: napiga grisi kila ninapomwaga oili ya injini, kilomita 5,000, na tena nikipita maji marefu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi na uzibe tairi kwa mawe.

Gharama ya grisi iandike kwenye daftari la biashara kama nauli ya mzigo, ili uiweke kwenye bei ya kusafirisha.

Na wewe unayekodi kirikuu, kabla hujapakia mwombe dereva akate usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, injini inawaka. Ukisikia mgongo, tafuta gari lingine.

Tunza posti hii, mtumie na dereva wako. Gari lako lina chuchu ngapi? Andika hapo chini.