Kupima Dai kwa Vipimo: Je, Chipu Hupunguza Ulaji wa Mafuta wa Pikapu?

Lengo: Baada ya somo hili utaweza kupanga jaribio la haki, kukokotoa wastani na kuandika hitimisho linalotokana na vipimo.

Utangulizi
Dereva wa pikapu Kaloleni, Arusha, anauziwa chipu ya injini kwa Sh 45,000. Muuzaji anadai itapunguza ulaji wa dizeli kwa robo. Dereva anakuuliza wewe unayesoma Fizikia. Ukimjibu vibaya, hela itakayopotea ni yake.

Kanuni
Nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Hubadilika umbo tu. Lita moja ya dizeli ina takribani MJ 36, na chipu haiongezi hata jouli moja. Ili mafuta yapungue kwa kazi ileile, lazima ufanisi wa injini uongezeke:

Ufanisi = (kazi iliyopatikana ÷ nishati iliyoingia) × 100%

Chipu hubadili kiasi cha dizeli inayopulizwa na nozeli, au wakati wa kuipuliza. Gari linaweza kupata nguvu zaidi, lakini kwa kawaida nguvu hiyo hutokana na kuchoma mafuta zaidi. Hilux za zamani zenye injini ya 3L hutumia pampu ya kimakanika, hivyo hakuna kompyuta ya kuamriwa na chipu.

Swali la mfano
Dereva alijaza tangi, akaenda Moshi na kurudi (km 160), kisha akajaza tena kwenye pampu ileile. Alisafiri mara tatu bila chipu na mara tatu akiwa na chipu:

Bila chipu: lita 16.0, 16.4, 15.6
Kwa chipu: lita 15.8, 16.2, 15.7

(a) Kokotoa wastani wa kila kundi.
(b) Kwa nini alipima kwenda na kurudi?
(c) Andika hitimisho.

Majibu
(a) Bila chipu: 48.0 ÷ 3 = lita 16.0. Kwa chipu: 47.7 ÷ 3 = lita 15.9.

(b) Moshi iko chini kuliko Arusha kwa zaidi ya mita 400. Kupima kwenda tu kungepunguza ulaji kwa sababu ya mteremko.

(c) Tofauti ya wastani ni lita 0.1. Bila chipu yoyote, safari zilitofautiana kwa lita 0.8 (16.4 − 15.6). Dai la robo lingeleta lita 12.0. Vipimo hivi haviungi mkono dai la muuzaji.

Epuka kosa hili
Usiandike "chipu zote hazifai". Umepima chipu moja kwenye gari moja. Pia taja vilivyopaswa kubaki vilevile: mzigo, upepo wa tairi, mwendo na dereva. Aliyekwisha kulipia chipu huweza kukanyaga mafuta taratibu bila kujijua. Ni vizuri asiambiwe ni safari ipi ina chipu.

Je, wajua?
Shirika la mazingira la serikali ya Marekani limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta. Ni vichache sana vilivyoonyesha nafuu yoyote.

Zoezi
1. Dizeli ikiwa Sh 3,000 kwa lita, na lita 0.1 ikiokolewa kweli kila safari, ni safari ngapi zitarudisha Sh 45,000? (Jibu: 150)
2. Dereva mwingine alipima bila chipu akiwa na mzigo wa ndizi, kisha kwa chipu gari likiwa tupu. Eleza kosa lake.