Hisa za Kikundi na Siri za Kampuni

Safari hii tunajifunza jambo ambalo si la matajiri wa Nairobi peke yao. Vikundi vingi vilionja hisa mara ya kwanza 2008, Safaricom ilipouza zake kwa umma kwa shilingi 5 kila moja. Na kijijini hakukosi mtu mwenye mtoto anayefanya kazi katika kampuni kubwa. Hapo ndipo taabu huanza.

Tuseme binti wa mwanachama mmoja huandaa makaratasi ya mkutano wa wakurugenzi. Anaona kampuni imepata hasara kubwa, na habari itatangazwa wiki ijayo. Jioni anapiga simu: "Mama, mwambie mweka hazina auze zile hisa kesho." Mama anamweleza mweka hazina yote, hata ilikotoka habari. Hisa zinauzwa. Bei inaanguka, na kikundi kimeokoa shilingi 60,000. Makofi!

Sasa, nani amekosa? Wengi watasema hakuna, kwani hisa zilikuwa zetu. Lakini aliyezinunua ni nani? Labda ni kikundi kama chenu, huko Kitui au Busia, na hasara yenu ndiyo wamebebeshwa.

Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura 485A, inaita hilo kosa la jinai. Binti hakuuza hisa hata moja wala hakupata senti, lakini anaweza kushtakiwa kwa kutoa siri ya kazini iwezayo kubadili bei. Mama naye kwa kuipitisha na kuhimiza uuzaji. Mweka hazina kwa kuuza akijua. Kusema "mimi niliambiwa tu" hakumwokoi mtu. Faini yaweza kufika shilingi 2,500,000, au kifungo hadi miaka 2, tena kulipa mara mbili ya hasara iliyoepukwa. Kwa zile 60,000 ni 120,000, mbali na faini! Wanachama ambao hawakuambiwa lolote ni habari nyingine.

Tusidhani hakuna anayeangalia. Oktoba 2018 kampuni ya Rubis ya Ufaransa ilitangaza kwamba inataka kununua KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilitilia shaka ununuzi uliofanyika kabla ya tangazo, ikafunga akaunti kadhaa za hisa na kuanza uchunguzi. Kila ununuzi huacha alama: jina, siku, saa.

Je, tuogope hata kusoma gazeti? La hasha. Yaliyotangazwa ni ya wote. Hata kuona kwa macho yako kwamba duka la kampuni pale mjini halina wateja si siri. Ila mkiamua kuuza, andikeni katika kumbukumbu za mkutano sababu yenu na mlikoipata.

Ya kujadili kikundini:
Kama simu ile ingepigwa kwako, ungemjibu binti nini? Na mweka hazina akishaambiwa siri, ni nani aamue juu ya hisa hizo mpaka tangazo litoke?