Vidonge Chini ya Godoro

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akitandika kitanda alipokuta chini ya godoro vidonge vya miezi miwili, vimefungwa katika karatasi ya gazeti. Mumewe, mgonjwa wa kisukari, alikuwa ameacha dawa bila kumwambia. Mama alinijia akilia, lakini hakulilia vidonge. Kwa muda mrefu baba huyo alikuwa hamkaribii usiku, naye alikwisha amini kwamba yuko mwanamke mwingine.

Tulipoketi sote watatu, ukweli ukatoka. Baba alisema kwamba nguvu zake za kiume zilikuwa zimepungua, na marafiki wakamwambia ni dawa za kisukari zinazommaliza. Basi akaona afadhali aache dawa aiokoe ndoa yake.

Je, kosa ni la dawa? Kwa kawaida sivyo. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na tendo la ndoa huitegemea yote. Anayeacha dawa ili arudishe nguvu huongeza kile kile kinachomwondolea nguvu. Ni kweli kwamba dawa nyingine, hasa baadhi ya zile za shinikizo la damu, zaweza kuchangia. Mwambieni daktari waziwazi, huenda akabadilisha. Najua si rahisi kwa mzee kumweleza mambo haya muuguzi aliye na umri wa binti yake. Basi nendeni wawili.

Kisukari huwadanganya wengi kwa sababu hakiumi mapema. Mwenye malaria huitafuta dawa mwenyewe, lakini mwenye kisukari hulima, hula na kucheka huku macho, figo na miguu vikiharibika polepole. Kule Uingereza, uchunguzi ulioanza mwaka 1977 uliwafuata wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili. Matokeo yalipotolewa mwaka 1998, ilionekana kwamba waliodhibitiwa sukari kwa ukali zaidi walipunguziwa madhara ya mishipa midogo, kama ile ya macho na figo, kwa robo hivi. Faida hiyo ilichukua miaka, haikuja kwa wiki moja.

Wako wanaoacha dawa kwa sababu metformini huwasumbua tumbo. Imezwe pamoja na chakula, na ikizidi kusumbua daktari aambiwe. Wengine huona karo ya watoto ni muhimu kuliko vidonge, wakaanza kumeza nusu kisirisiri. Baba, fedha zikipungua mwambie mkeo, kisha mwulizeni daktari kama iko dawa ya bei nafuu. Na kumeza vidonge siku tatu tu kabla ya kliniki hakusaidii. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, nacho hakidanganyiki.

Nawe mama, usiwe askari wa kuhesabu vidonge. Viweke karibu na vikombe vya chai, mvikumbuke pamoja. Jioni mtazame nyayo zake, hata katikati ya vidole, kwa maana mguu uliokufa ganzi haujui msumari wala kaa la jiko. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kusema ovyo, huenda sukari imeshuka mno, hasa akitumia insulini au glibenklamidi bila kula. Mpe maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari. Akiwa hajitambui usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati wa Kwaresima asijilazimishe kufunga chakula. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo, naye aweza kutoa sadaka ya namna nyingine.

Haya yote ni ya waume pia. Nimeona wake wengi wakiwakumbusha waume zao dawa, lakini waume wanaojua hata jina la dawa ya mke ni wachache. Baba, unalijua?

Wale wawili walikwenda kliniki pamoja wiki iliyofuata. Vile vidonge vya chini ya godoro walivibeba, wakavionyesha kwa daktari bila kuficha kitu.