Mbona Gari Linaonekana Limeegeshwa?

Wadogo zangu, kila Safari Rally ikipita Naivasha mnaniletea picha zilezile. Gari liko katikati, nati za gurudumu zinahesabika, halafu swali: "Dada, mbona linaonekana limeegeshwa?" Mmeliegesha wenyewe! Gari la kilomita 150 kwa saa, ukilipiga kwa shata ya 1/2000 ya sekunde, husogea sentimita 2 tu kabla shata haijafunga. Gurudumu limepata wapi nafasi ya kuzunguka?

Teremsheni shata. Kwa 1/125 gari hilohilo husogea sentimita 33. Kamera ikitulia utapata ukungu mtupu, lakini ikienda nalo sambamba, gari hubaki palepale ndani ya fremu, na mashabiki na migunga iliyo nyuma inageuka michirizi. Hiyo ndiyo paning, na kazi yake iko kiunoni zaidi kuliko kidoleni.

Vidole vya miguu vielekee pale utakapobonyeza, si kule gari linakotokea. Bana viwiko mbavuni, geuza kiuno ulipokee likiwa bado mbali, kisha lifuate mpaka mwendo wenu uwe mmoja. Likifika mbele yako bonyeza taratibu, picha tatu nne mfululizo, na uendelee kulifuata hata baada ya shata kulia. Hapo ndipo wengi mnapoharibu. Gari ni mgeni, lisindikize hadi njiani. Anayepanga kusimama akishabonyeza huwa ameanza kupunguza mwendo kabla picha haijaisha.

Kwenye kamera weka S, au Tv kama ni Canon, ili shata uichague mwenyewe. Fokasi iwe ile inayofuata kitu kinachosogea, ISO 100. Anza na 1/250, ukizoea shuka 1/125. Kwa 1/60 sitawadanganya, nyingi mtazifuta, ila ile moja itakayopona haitafanana na ya jirani yako. Jua la saa sita lina shida yake: kwa ISO 100 na 1/125 tundu la lenzi linafika f/16, na ukishuka zaidi linakaribia kikomo. Tena tundu dogo hivyo huanika kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye sensa, na vumbi la Naivasha mnalijua. Ivisheni lenzi kichujio cha ND kinachopunguza mwanga, au pigeni asubuhi mapema.

Mahali pa kusimama ni nusu ya picha. Tafuta sehemu gari linapokata mbele yako toka upande hadi upande, njia iwe laini kiasi. Penye mashimo na matuta gari hurukaruka juu chini, na kiuno chako hakiwezi kulifuata huko. Hapo panda hadi 1/1000. Likija uso kwa uso pia tumia hiyohiyo, uliache vumbi lionyeshe mwendo. Na msipige magoti mpaka nyuma ya gari pabaki anga tupu. Anga halina cha kuchora michirizi.

Wale wanaotaka kila kitu kinyooke, watazame picha ya gari la mashindano, inayojulikana kama ya Delage, aliyoipiga Mfaransa Jacques Henri Lartigue kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Gurudumu limekuwa yai lililoinamia mbele, watazamaji wameinama upande wa pili, gari lenyewe limekatwa. Shata ya kamera yake ilipitisha mwanga kidogokidogo huku yeye akigeuka na gari. Mimi naipenda kuliko picha nyingi safi za siku hizi.

Upande wa nje wa kona msisimame hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Gari likishindwa kukata, huko ndiko linakoelekea, na jicho lako limo ndani ya kamera.

Wenye simu, najua mmekaa mkinisubiri. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo juani hata kwa ISO ya chini kabisa 1/60 itatoa picha nyeupe pee. Ngojeni jua lizame, fungueni modi ya Pro, simameni kando ya barabara salama na mfuate bodaboda. Zinapita hata jioni hiyo, na hazilipishi kiingilio.