Muundo wa Kisarufi wa Vichwa vya Makala za Kitaaluma katika Kiswahili

Kichwa cha makala ya kitaaluma katika Kiswahili kwa kawaida huwa ni kirai nomino, wala si sentensi kamili. Kazi yake ni kutaja mada. Hoja yenyewe huachiwa matini. Muundo uliozoeleka zaidi ni ule wa nomino mbili au zaidi zinazoungwa kwa -a unganifu, na mara nyingi nomino kuu huwa imenyambuliwa kutokana na kitenzi: uchambuzi (chambua), matumizi (tumia), ufundishaji (fundisha).

Unominishaji huo una faida ya ufupi, lakini una gharama yake. Kitenzi kinapogeuzwa kuwa nomino hupoteza viambishi vya njeo, nafsi na yambwa. Hivyo, uhusiano baina ya mtenda na mtendwa hufichika. Tuchukue mfano wa kubuni: “Uhakiki wa Kezilahabi”. Kwa kuwa Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika (1971), alikuwa pia mhakiki, kichwa hicho kina maana mbili: uhakiki alioufanya yeye, au uhakiki uliofanyiwa kazi zake. “Uhakiki wa Riwaya za Kezilahabi” na “Kezilahabi kama Mhakiki” huondoa utata huo.

Utata wa pili hutokana na upatanisho wa kisarufi. Katika “Matatizo ya Tafsiri ya Kisasa”, haibainiki iwapo yaliyo ya kisasa ni matatizo au ni tafsiri, kwani ngeli ya 6 na ya 9 zote huchukua umbo “ya”. Nomino kuu ikiwa ya ngeli nyingine, upatanisho hutenganisha maana: “Ugumu wa Tafsiri ya Kisasa” si sawa na “Ugumu wa Tafsiri wa Kisasa”. Pale ambapo ngeli haziwezi kusaidia, nukta mbili huweza kuuvunja mnyororo: “Tafsiri ya Kisasa: Matatizo Yake”. Hapa kiambishi ya- hupatana na matatizo, ilhali shina -ake hurejelea tafsiri.

Kutokana na maelezo haya, ni dhahiri kwamba utata wa kichwa si suala la mtindo tu. Msomaji huchagua makala kwa kutazama kichwa, na mkutubi huiainisha kwa hichohicho. Kwa hiyo, inafaa kila kichwa kipimwe kwa kurejeshwa katika umbo la sentensi: kikizaa sentensi mbili zenye maana tofauti, muundo wake hauna budi kurekebishwa.