Mji Unaomiliki Shirika la Umeme Huachaje Makaa ya Mawe?

Swali: Mji wenye shirika lake la umeme huamuaje kuacha makaa ya mawe, na pengo hujazwa na nini?

Jibu: Colorado Springs, Marekani, ni mfano mzuri. Shirika la umeme ni mali ya mji, na madiwani ndio bodi yake. Mlipa bili mara nyingi ndiye mpiga kura, hivyo mvutano wowote kuhusu umeme huishia barazani.

Mtambo wa Martin Drake, uliofunguliwa mwaka 1925, ulikuwa karibu na katikati ya mji. Waliotaka ufungwe walitaja moshi na afya. Waliotaka uendelee walitaja bei, ajira na uhakika wa umeme majira ya baridi. Mwaka 2015 iliamuliwa ufungwe kabla ya mwaka 2035 kwisha. Juni 2020 bodi ilirudisha ukomo huo nyuma hadi 2023, wakati umeme wa jua na upepo ulikuwa umeshuka bei. Agosti 2021 Drake iliacha kuchoma makaa.

Pengo halijazwi na chanzo kimoja. Jua likizama, paneli hulala; upepo nao hauna ratiba. Kwa hiyo jenereta za gesi asilia ziliwekwa palepale Drake. Tanuri la makaa huhitaji saa nyingi kupata mvuke wa kutosha, ilhali jenereta hizo huwashwa kwa dakika chache. Hata hivyo, gesi nayo hutoa hewa ya ukaa, ingawa kidogo kuliko makaa. Kufunga mtambo wa makaa, basi, ni hatua ya kwanza tu.