Utulivu wa Mtu wa Kazi



Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alisimama ndugu mmoja katika wasikilizaji akatuuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu kwa maneno mawili matatu ya usiku ule. Yeye ni mtu wa zamu bandarini Kilindini. Hutoka kwake Likoni kabla ya jua kuchomoza, akavuka kwa feri, akashinda juani kutwa. Na arudipo usiku huwakuta watu wa nyumbani wakimngoja kila mmoja na haja yake. Akasema: Nyinyi mwatusomea khabari za watu waliokesha wakiabudu na ndevu zao zikarowa machozi. Mimi nikisimama nyuma ya imamu kwa sala ya Isha magoti yanitetemeka na macho yafumba yenyewe, hata nimeona haya, nimeacha kuja msikitini. Je, sisi watu wa kazi tuna fungu gani kwa Mwenyezi Mungu? Au fungu letu lingoje mpaka tustaafu?

Twamshukuru kwa kusema kweli mbele ya watu. Suala lake limo vifuani mwa wengi wasiothubutu kulitamka, na baadhi yao wamekwisha jijibu wenyewe, jibu baya: kwamba kumkaribia Mwenyezi Mungu ni kazi ya mashekhe na wazee wenye nafasi, na mtu mwenye jasho mwilini yamtosha kuitwa Muislamu. Na kosa la kufahamu hivyo si lao peke yao. Sisi tusomeshao twapenda mno kuhadithia ibada za watu adimu, na hatuhadithii vile dini ilivyomtazama mtu aliyechoka.

Basi na tuanze kwa mtu aliyechoka. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) ya kuwa Muadh bin Jabal (R.A.) alikuwa akisalisha watu wake. Usiku mmoja akaja mtu na ngamia wake wawili, na giza limekwisha ingia, akamkuta Muadh katika sala. Mtu yule akawaacha ngamia wake akaingia safuni. Muadh akafungua sura ndefu, Al-Baqara au An-Nisaa. Mtu yule akajitoa akaenda zake. Kisha akapata khabari kwamba Muadh amemsema vibaya kwa kitendo kile, naye akaenda kumshitakia kwa Mtume (S.A.W.).

Na tumtazame vizuri mshitaki huyu, ambaye mapokezi haya hayakumtaja hata jina. Ngamia aliokuwa nao ni wale wa kutekea maji. Mashamba ya mitende ya Madina yalinyweshwa kwa maji ya visima, na ngamia ndio waliovuta kamba za ndoo, wakienda na kurudi, na mtu nyuma yao. Huyo ndiye aliyefika msikitini usiku ule. Na Muadh si mtu wa kubezwa: alikuwa katika Masahaba wajuzi kabisa wa halali na haramu, naye ndiye aliyepelekwa Yemen kuwafundisha watu. Mwanachuoni mkubwa upande mmoja, mtekaji maji upande wa pili. Na kauli ya Mtume (S.A.W.) ikawaje? Alimgeukia Muadh akamuuliza mara tatu kama ataka kuwatia watu katika fitina, kisha akamtajia sura za kadiri atakazoweza kuzisoma, kama Sabbihisma na Wash-shamsi na Wallayli, kwani nyuma yake wanasali wazee na wanyonge na wenye haja zao.

Aliyekemewa, basi, ni mwenye ilmu. Hatusemi haya ili watu wapate ruhusa ya kujitoa safuni. Twasema ili ndugu yetu wa bandarini ajue ya kuwa magoti yake yanayotetemeka yalikwisha tiwa katika hesabu zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Tena yalitiwa katika hesabu na Kurani yenyewe. Asomaye Suratul Muzzammil huona mwanzoni amri ya kusimama usiku kwa sala, na sehemu kubwa ya usiku. Lakini aya ya mwisho, aya ya 20, yaja na takhfifu: watu wasome kilicho chepesi kwao. Na sababu za takhfifu zikatajwa papo hapo: wako watakaokuwa wagonjwa, na wako watakaosafiri katika nchi wakitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, na wako watakaopigana katika njia Yake. Mtafuta riziki ametajwa baina ya mgonjwa na mpiganaji. Hakuambiwa aache safari yake, wala hakuambiwa kwamba amefukuzwa mlangoni kwa sababu yake.

Sasa twende kwenye asili ya suala, maana takhfifu peke yake si raha. Mtu aweza kupunguziwa mzigo na moyo wake ukabaki na dhiki. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwita Bilal (R.A.) ainue mwito wa sala ili wastarehe kwayo. Wengi wetu, tukisema kweli, twataka tustarehe baada ya kuimaliza. Sala kwetu ni kazi moja zaidi iliyotiwa baina ya kazi mbili. Kwa nini yeye apate raha mahali ambapo sisi twapata haraka?

Twaona jawabu limo katika jambo tulilofunzwa utotoni tukalisahau. Wengi waliopita chuoni katika pwani hii wamesoma Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut. Humo nguzo za sala zahesabiwa, na katika nguzo hizo imo tumaanina: kwamba mwenye kurukuu asiinuke mpaka viungo vyake vimetua, japo kwa muda wa kuleta tasbihi moja; na katika itidali vivyo hivyo, na katika sijida zote mbili, na katika kikao cha baina yake. Tuliikariri kwa sauti, mwalimu na fimbo yake yuko mbele, wala hatukuuliza maana yake. Na neno hilo tumaanina asili yake ni moja na neno lililomo katika Suratur-Raad, aya ya 28, ambapo Mwenyezi Mungu atujulisha ya kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Utulivu wa moyo unaotafutwa na kila mtu, na utulivu wa mgongo katika rukuu, katika Kiarabu ni neno moja.

Na tufanye hesabu ya dukani. Sala za fardhi kwa siku ni rakaa 17. Katika kila rakaa mna mahali 5 pa kutua: rukuu, itidali, sijida ya kwanza, kikao, sijida ya pili. Hizo ni mara 85 kila siku ambazo Muislamu ameamrishwa asimame kimya mbele ya Mola wake, asiende mbele wala nyuma, asifanye kitu ila kuwa pale. Ukizisali rakaa zote 17 kwa utuo, dakika 2 kwa kila rakaa, utapata dakika 34 katika dakika 1,440 za mchana na usiku. Mtu aliyetuambia hana nafasi ya kupumzika kwa Mungu wake tayari amepewa mapumziko 85, naye huyaruka yote kama mtoto arukaye vidimbwi vya mvua.

Wala jambo hili si la hiari. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) ya kuwa mtu mmoja aliingia msikitini akasali kwa haraka, kisha akaja kumwamkia Mtume (S.A.W.). Mtume akamrudisha akasali tena kwani hakusali. Ikawa hivyo mara tatu, hata mtu yule akaomba afundishwe. Na aliyofundishwa, sehemu kubwa ni hiyo hiyo ya kutulia katika kila kitendo.

Basi ndugu yetu, anza hapa kabla ya kutafuta nyuradi ndefu, na kabla ya kutoa mali yako kwa mtu wa hirizi akuandikie dawa ya dhiki ya moyo. (Soko la hao halipungui, na wateja wao wengi ni watu wasioweza kukaa katika sijida kwa muda wa tasbihi tatu.) Chukua sala moja tu kwanza, iliyo nyepesi kwako, ukaisali kwa utuo siku zote. Mtume (S.A.W.) ametufunza ya kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo.

Ama katika saa za kazi, nchi yetu ina neema ambayo watu wa nchi za kaskazini hawana. Sisi tu karibu na mstari wa ikweta, na nyakati zetu hazichezi sana. Adhuhuri ya Mombasa mwaka mzima huingia baina ya saa 6 na dakika chache na saa 6 na nusu na kitu, na wakati wake huendelea kadiri ya saa tatu. Aliyepewa mapumziko ya chakula saa 7 hana udhuru. Alasiri ndiyo yenye taabu, khasa kwa atokaye kazini saa 11 akakuta umati kivukoni. Huyo na ajitahidi kusali kabla hajatoka kazini, asiitie sala yake katika bahati ya feri. Na wengine hujizuia kwa sababu ya nguo. Mafuta ya mashine na vumbi la saruji si najisi. Uchafu huo wa kazi hauharibu sala. Lililo lazima ni kuyaondoa mafuta yagandayo penye viungo vya udhu, ili maji yafike ngozini.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimehifadhi haki ya mtu kuabudu, na kwamba asinyimwe kazi kwa ajili ya dini yake. Haki hiyo na iombwe kwa adabu, na ikipatikana isichezewe. Mtu aombaye dakika 10 za sala akakaa nusu saa akinywa kahawa na kuzungumza siasa, amemwibia tajiri wake, na amemfungia mlango mwenziwe atakayeomba kesho.

Lakini neno zito zaidi twawaambia matajiri wetu wenyewe Waislamu. Mwenye duka utamwona yuko safu ya kwanza, na kijana wake ameachwa nyuma kulinda mali mpaka tajiri arudi. Na akirudi, wateja wamejaa, na wakati wa kijana wapita. Mwito wa Suratul Jumua wa kuacha biashara haukuandikwa kwa jina la mwenye duka peke yake. Na maimamu wetu nao wakumbuke kisa cha Muadh: yuko arefushaye Isha ili watu waisikie sauti yake, na yuko aendeshaye tarawehe kana kwamba afukuzwa na simba. Wote wawili wamemnyang'anya mtu wa kazi kile alichokuja kukitafuta.

Usiku ambao uchovu umekushinda kabisa, kusanya mkeo na watoto msali jamaa nyumbani, kisha ulale. Salman (R.A.) alipomzuru nduguye Abud-Dardaa (R.A.), akamkuta afunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimlaza usingizi kwa nguvu mpaka mwisho wa usiku ndipo akamwamsha wakasali, akamwambia ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari alimsadiki Salman.

Na tukitaja ahali, uko uchovu mwingine ambao ndugu yetu hakuuliza. Yule anayemngoja nyumbani naye ameamka kabla yake na atalala baada yake. Bibi Fatima (R.A.) alisaga nafaka kwa jiwe hata mikono ikamwuma, akaenda kwa babake (S.A.W.) kutaka mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha (R.A.) maneno yake. Usiku Mtume akawajia, yeye na Sayyidna Ali (R.A.), wamekwisha lala, wakataka kuinuka, akawazuia, akakaa baina yao. Akawafundisha wanapokwenda kulala walete Subhanallah 33, na Alhamdulillah 33, na Allahu Akbar 34, akawaambia ni bora kwao kuliko mtumishi. Bibi Aisha naye alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani mwake, alisema alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Waume na wasome khabari hizi mbili pamoja, wasiichague moja.

Hesabu hiyo ya 100 husemwa mtu akiwa kitandani, macho yakiwa mazito, wala haihitaji miguu yenye nguvu. Sayyidna Ali alisema hakuiacha tangu alipoisikia. Akaulizwa, hata usiku wa vita vya Siffin? Akajibu, hata usiku wa Siffin.